Aote Jua, Nusu Saa

Mkunga alimgusa mpiga pasi kwenye muundi kwa kidole gumba, na mpiga pasi akavuta mguu.

"Taratibu, mama."

"Hapo nimegusa tu. Sijabonyeza bado."

Ilikuwa saa kumi na moja na nusu alfajiri, ghorofa ya tatu ya hospitali kubwa, kwa sababu mkunga alikubali kumwona kabla zamu ya kazi haijaanza. Mimba ilikuwa ya miezi mitano. Mpiga pasi alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, juu ya shuka alilolipiga pasi mwenyewe juzi yake. Alilitambua kwa kiraka cha pembeni. Nyonga zilimuuma akipanda ngazi, akishuka zikamuuma zaidi, na jino moja la nyuma lilikuwa limeanza kucheza. Mkunga alisoma majibu ya damu, akayarudia, akavua miwani.

"Mwanangu, unaishi pangoni?"

"Nafanya kazi hapahapa, chini, kwenye kufulia."

"Nimeuliza kitu kimoja na umejibu kitu hichohicho. Vitamini D huna. Mwili unaitengeneza kwa jua, na wewe jua hulioni. Bila hiyo mfupa hauwi mgumu, si wako wala wa mtoto. Mtoto wako wa kwanza anatembeaje?"

Mpiga pasi alivuta gauni, akafunika magoti. Binti yake wa miaka minne alikuwa na matege. Akisimama wima, mpira uliweza kupita katikati ya magoti bila kugusa huku wala huku, na watoto wa uchochoroni walikuwa wameshajaribu. Mama mkwe alisema kosa ni la mama mtu, alimsimamisha mtoto mapema. Mpiga pasi aliamini hivyo miaka yote, na kila alipomvisha binti viatu alimwomba radhi kimoyomoyo.

"Ana matege," alisema.

"Basi huyu asiyapate. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

Vidonge vilikuwa vimeisha tangu mwezi uliopita, na kwenye dirisha la dawa palibandikwa karatasi ya kusema hivyo, imenyooshwa vizuri na kutiwa gundi pembe zote nne. Mkunga aliuliza kama jua linafika nyumbani kwao. Linafika, mpiga pasi alisema, saa nne mpaka saa tano asubuhi, likikatiza kwenye mwanya kati ya maghorofa mawili. Kabla na baada ya hapo uchochoro wote ni kivuli. Na saa nne wewe uko wapi? Kazini, siku sita. Na siku ya saba? Siku ya saba, mpiga pasi alisema, mara nyingi huwa kuna mawingu.

Mkunga akachukua kadi ya kliniki, akaandika kwa mwandiko mkubwa wa mtu aliyekasirika: Mama huyu aote jua, nusu saa, kila siku, kuanzia saa nne asubuhi. Akagonga muhuri.

Chumba cha kufulia kilikuwa ghorofa mbili chini ya ardhi, na waliofanya kazi humo walikiita Handaki. Zamani mashuka ya hospitali yalianikwa uwanjani, kwenye kamba thelathini. Kisha uwanja ukawa maegesho ya magari ya madaktari, mashuka yakapelekwa chini kwenye mashine za kukaushia, na watu waliokuwa wakianika wakafuata mashuka. Waliingia kabla jua halijachomoza na kutoka limeshazama. Sakafuni palikuwa na mstari mwekundu. Ukishauvuka kuingia upande msafi hurudi nyuma mpaka zamu iishe, kwa ajili ya vijidudu. Hata chakula kiliingizwa kwa kidirisha. Mpiga pasi alikuwa upande msafi kwa mwaka wa sita.

Msimamizi wa upande huo aliitwa Madoa. Alikuwa na jicho la kuona doa kwenye shuka lililokunjwa mara nne, na kwa binadamu pia hakuona kitu kingine.

"Utoke saa nne," Madoa alisema, kadi mkononi. "Uvuke mstari, ukaanikwe kama foronya, halafu uniletee humu vijidudu vya maegesho."

"Ni agizo la mkunga."

"Mkunga anasimamia matumbo. Mimi nasimamia mashuka. Na wanawake wote humu wamezaa bila kuota jua, hujawaona?"

"Nimewaona," mpiga pasi alisema. "Nimewaona na watoto wao."

"Peleka kwa Sarufi."

Sarufi alikuwa karani wa utumishi. Aliwahi kufundisha Kiswahili sekondari. Kwa nini aliacha hakuna aliyejua, na hakuna mwanafunzi aliyelalamika. Kazi yake kubwa ilikuwa kusoma maombi ya wafanyakazi na kuyarudisha kwa makosa ya lugha. Mfuaji mmoja aliomba ruhusa ya siku mbili kwa mazishi ya "baba wangu." Barua ikarudi na mduara mwekundu. Alipoileta tena ikiwa na "baba yangu," baba alikuwa ameshazikwa, na Sarufi akamwambia sasa sentensi ni safi ila haina haja.

Aliisoma kadi ya mpiga pasi kwa muda mrefu kuliko alivyoisoma mkunga karatasi ya damu. Akafungua kamusi.

"Aote," alisema. "Kitenzi ni ota. Maana ya kwanza, kuchipua, kama mmea au jino. Maana ya pili, kuona njozi usingizini. Maana ya tatu, kukaa penye jua au moto upate joto. Mwandishi hajasema anakusudia ipi."

"Kila mtu anajua kuota jua ni nini, mzee."

"Kila mtu hakugonga muhuri. Aliyegonga ni huyu, na huyu hakuandika nje. Tafuta neno nje hapo. Nionyeshe."

Mpiga pasi aliitazama kadi. Neno nje halikuwemo.

"Mwandishi akiacha maana wazi," Sarufi alisema, "ofisi inachagua ile isiyovuruga ratiba. Ya kwanza haiwezekani, wewe si mchicha. Ya tatu inavuka mstari mwekundu. Imebaki ya pili."

Akaandika kwa kalamu nyekundu: Aruhusiwe kuota jua (maana ya pili), nusu saa, mahali pa kazi, akiwa usingizini. Akampa nakala ya kusaini. Mpiga pasi alikuwa na hasira, lakini alisaini. Kama asingesaini unga wake ungemwagika, na mumewe, fundi wa kupiga plasta, alikuwa hajaitwa kazini tangu mvua zianze.

Kesho yake godoro liliwekwa kwenye ghala ya mashuka, chumba kisicho na dirisha, rafu pande tatu. Mlangoni ilitundikwa Fomu ya Njozi yenye safu nne: tarehe, muda, kilichoota, sahihi ya msimamizi. Sarufi mwenyewe aliipitia na kusahihisha "kilichoota" kuwa "kilichootwa," kwa kuwa jua halioti, linaotwa. Saa nne kamili Madoa alimfungia mpiga pasi ndani na kumwambia alale.

Siku ya kwanza aliota jino lake la nyuma. Fomu ikaandikwa: Nje ya agizo. Siku ya pili aliota mama mkwe akimpimia binti magoti kwa rula. Nje ya agizo. Siku ya tatu aliota mwezi, mkubwa, mweupe, na Sarufi akaandika pembeni kwamba anaona juhudi lakini mwezi si jua, na akaambatisha onyo la kwanza. Wenzake walimtania. Mkunja mashuka, mwanamke mnene mwenye sauti ya kukwaruza, alimwambia ajikaze kisabuni, kuota ni kazi kama kazi nyingine.

Siku ya nne aliota uchochoro wao saa nne asubuhi. Binti alikuwa amekaa ukutani, ameinyoosha miguu kwenye ule ukanda wa mwanga, na jua lilikuwa likiipiga miguu ile moja kwa moja.

Madoa alifungua mlango kuhakikisha kama kweli amelala. Jua lilikuwa ndani ya ghala. Lilikuwa limekaa juu, kwenye kona ya mabomba, ukubwa wa sufuria, likimulika godoro na tumbo la mpiga pasi. Madoa alikinga macho kwa kiganja, akatazama saa ya ukutani, akajaza fomu: Jua. Saa nne na dakika saba. Amechelewa dakika saba.

Kuanzia hapo lilikuja kila siku. Mpiga pasi alikunja mikono ya gauni na kufunua miundi kabla ya kulala, na alipoamka ngozi ilikuwa na joto. Wiki mbili zikapita hivyo. Nyonga zilipungua kuuma. Jino likatulia. Wenzake walibisha hodi na kuingia watatu watatu, wakakaa sakafuni kuzunguka godoro, wakanyoosha shingo, wakazungumza kwa kunong'ona wasimwamshe, kwani akiamka jua linazimika. Hakuna aliyeuliza limepitia wapi. Mkunja mashuka aliuliza tu kama anaweza kuota lililo kali kidogo, kwa ajili ya bega lake.

"Kula, mwanangu," mpiga pasi aliliambia tumbo lake akiwa kwenye ngazi jioni. "Kula jua hilo, ni la kwako." Alikuwa na furaha, ya kwanza tangu aone majibu ya damu.

Kilichoharibu mambo ni shuka moja. Lilitoka kwenye mashine likiwa bado na unyevu, likatupwa kwenye rafu ya ghala kwa makosa, na saa nne na nusu Madoa akaliokota. Lilikuwa kavu. Alilinusa, akalinusa tena, kisha akaenda kuzima mashine mbili za kukaushia na kuagiza kamba.

Zilifungwa kamba kumi na mbili, ukuta kwa ukuta. Saa nne kasoro robo wakaanza kuanika, na neno kuanika, ambalo halikuwa limetumika Handakini kwa miaka mingi, likarudi midomoni mwa watu. Mashuka yalining'inia mpaka karibu na sakafu. Wageni wa jua walifukuzwa, kwa kuwa walikuwa wanakaa mahali pa foronya. Godoro lilisukumwa, kwanza pembeni, kisha chini ya rafu ya mwisho, na mpiga pasi akalala huko, uso ukielekea ubao. Jua lilikuja saa nne kama kawaida. Lilipiga mashuka. Nyuma ya mashuka, chini ya rafu, palikuwa na kivuli cha baridi chenye harufu ya dawa ya madoa.

"Dada msimamizi," mpiga pasi alisema, "jua hilo lilikuwa la tumbo langu."

"La tumbo lako limeandikwa wapi?" Madoa alisema. "Limeotwa ndani ya saa za kazi, juu ya godoro la hospitali. Shukuru unalala."

Mwezi wa saba wa mimba mkunga alimtoa damu tena. Majibu yalikuwa mabaya kuliko ya kwanza. Alibonyeza muundi, na safari hii mpiga pasi hakuvuta mguu. Alilia kimyakimya, na mkunga akasubiri amalize. Kisha akaandika kadi mpya, na kila neno alilipigia mstari: Mama huyu akae juani. Nje.

Sarufi alisoma. "Juani," alisema, "ni mahali penye jua. Ghala ina jua, nimeliona mwenyewe, nina fomu hamsini na mbili. Kwa hiyo anakaa juani tayari."

"Ameandika nje, mzee. Safari hii ameandika nje."

"Ameandika nukta, halafu nje. Sentensi ya neno moja. Nje ya nini? Godoro liko nje ya rafu?"

"Liko chini ya rafu."

"Chini, lakini si ndani ya rafu. Basi liko nje." Akaandika: Agizo limetekelezwa.

Mpiga pasi alimtazama yule mtu, kola yake safi, kalamu zake tatu mfukoni, na akamchukia kwa chuki kavu isiyo na kelele. Alishuka akaenda kupiga pasi.

Mkunga aliposikia jibu hilo alishuka mwenyewe siku hiyohiyo, saa nne. Alizuiwa kwenye mstari mwekundu kwa sababu ya viatu. Akasimama hapo, ncha za viatu zikigusa rangi, akaona mlango wa ghala uko wazi, mashuka yamejaa mwanga, na mguu mmoja wa mpiga pasi umechungulia kutoka chini ya rafu, kivulini.

"Mwekeni mbele ya mashuka," mkunga alisema. "Hatua tatu tu. Siombi kingine."

"Akilala mbele atatia kivuli kwenye mashuka," Madoa alisema. "Hayatakauka sawasawa."

"Mtoto wake atazaliwa na mifupa laini."

"Na wagonjwa wako walale kwenye mashuka mabichi? Chagua."

Mkunga alikuwa na vitanda arobaini juu. Alirudi hatua moja nyuma ya mstari, akapanda ngazi. Nisimsingizie: hakuchagua. Lakini mashuka makavu yaliletwa wodini mwake mchana huo na aliyatandika.

Mpiga pasi alijaribu ujanja mmoja. Siku moja, ndani ya ndoto, alisimama, akavuka mstari mwekundu, akapanda ngazi na kutoka mpaka kwenye maegesho, na jua lake likamfuata. Huko nje lilikuta jua jingine. Kwa dakika kumi na tano maegesho yalikuwa na majua mawili, rangi ya gari la daktari mkuu wa upasuaji ikafanya malengelenge, na mashuka Handakini yakabaki na maji. Mpiga pasi mwenyewe aliamka palepale chini ya rafu, amelowa jasho la baridi. Sarufi alimpa onyo la pili, la kuota nje ya eneo la kazi. Neno nje, mpiga pasi aliona, safari hii lilikuwa na maana moja tu.

Alijifungua mwishoni mwa mwezi wa tisa, juu kwa mkunga. Ilichukua siku moja na nusu kwa sababu nyonga hazikutaka kufunguka. Alikuwa mtoto wa kiume, mwenye macho makubwa. Mkunga alimzungushia shuka lililotoka chini asubuhi ile, na shuka lilikuwa na joto zuri na harufu ya uwanja wa zamani, ya kamba thelathini. Wauguzi walipokezana kulinusa. Kisha mkunga akapitisha kidole juu ya kichwa cha mtoto, nyuma ya sikio, na mfupa ukabonyea kama mpira uliopungua upepo, ukarudi polepole.

"Jua lake lote limeingia kwenye shuka," mpiga pasi alisema.

Mkunga hakubisha. Alisema mtoto bado ni mdogo, mfupa unarekebika, lakini kusiwe na mchezo: vidonge vikija atampelekea mwenyewe, na mpaka hapo mtoto apelekwe uchochoroni kila siku, saa nne mpaka saa tano, miguu wazi. Safari hii hakuandika popote. Alisema kwa mdomo, mara mbili, na mpiga pasi akarudia maneno yale kama mtoto wa shule. Likizo ilikuwa ya miezi mitatu. Alihesabu asubuhi tisini za uchochoroni, akaona zinatosha. Alilala usingizi wa kweli kwa mara ya kwanza, hakuota kitu.

Siku tatu baadaye barua ilifika nyumbani. Ilikuwa safi, bila kosa hata moja. Ilieleza kwamba likizo ya uzazi ni likizo ya kazi. Kwamba kazi ya mhusika ni kupiga pasi. Kwamba kuota si kazi bali ni dawa aliyoandikiwa yeye mwenyewe, na dawa haina likizo. Mhusika aripoti kila siku saa nne asubuhi, kwa nusu saa. Mashuka yamekaa na unyevu tangu ajifungue na mashine mbili zimeshaondolewa. Asiporipoti itachukuliwa kwamba ameacha kazi.

Mumewe aliisoma, akaikunja, akasema, "Watu hawa wana roho mbaya." Halafu akauliza nani atambeba mtoto, kwa kuwa mtoto ananyonya na hawezi kuachwa.

Kwa hiyo saa tatu asubuhi mpiga pasi hutoka nyumbani na mtoto mgongoni, kabla mwanya kati ya maghorofa haujapata mwanga, na hurudi saa tano umeshapita. Binti hubaki ukutani kwenye ule ukanda, miguu mbele, amekalia kopo. Handakini mtoto haruhusiwi upande msafi. Huachwa kwenye kikapu cha foronya chafu upande wa pili wa mstari mwekundu, chini ya taa ya mrija, na mkunja mashuka humtupia jicho.

Saa nne jua huja. Siku hizi ni kubwa kuliko zamani, la ukubwa wa karai, na mwanga wake hutoka mlangoni mwa ghala na kutambaa sakafuni mpaka kwenye rangi nyekundu, ukaishia hapo. Mtoto hugeuza kichwa na kuutazama. Ananyoosha mkono, lakini bado hajaanza kutambaa. Saa nne na nusu mpiga pasi huamka, Madoa husaini fomu, na watu huanza kuanua mashuka.